Majira ya Maziwa ya Adey

Nikipita pale wanapokaa wanawake wa maziwa, sokoni Garissa, pua yangu husimama hata kama miguu ina haraka. Nimekuja kununua vitunguu na nyanya, mtoto nimemwacha kwa jirani, jua linachoma utosi, lakini pua haitaki kujua. Ni ile harufu ya moshi. Vibuyu vya maziwa ya ngamia hufukizwa kwanza kwa kijinga cha moto ndani, ndipo maziwa yatiwe, ili yakae na yapate ladha. Ukishaunywa moshi ule utotoni, haukutoki tena. Halafu huwasikia wale akina mama wakinadi kwa lafudhi ya kwetu: "Ya leo! Hii ni ya leo, mama! Ile bale ni ya jana!" Ya jana ndiyo iliyoanza kuchacha, na wako wanaoitaka hiyo hiyo. Mimi hubaki nimesimama na kikapu changu, nacheka peke yangu kama niliyerukwa na akili. Maana maneno hayo, ya leo na ya jana, kuna kipindi nililala nayo na kuamka nayo, na masomo yangu yote yalikuwa yamening'inia hapo.

Sogeeni basi niwaambie, kisa chenyewe bado kinanipandisha mori.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, au tuseme hivyo, kwa sababu kwetu Fafi mtoto alizaliwa mwaka wa mvua fulani na hayo mengine mwalimu mkuu alijijazia mwenyewe. Aabo, yaani baba yangu, alikuwa mfugaji wa ngamia upande wa Bura. Nilikuwa nimemaliza darasa la sita katika shule ndogo ya kwetu, ile ambayo upepo ukivuma sana tulitoka nje kushikilia mabati. Siku moja Aabo akasema, bila hata kunitazama, kwamba ananipeleka Garissa kwa dada yake nikaendelee na masomo. Wallahi nilipiga kelele hadi mbuzi wakakimbia! Garissa! Taa za umeme, lami, daraja la Tana, shule yenye vioo madirishani! Mama aliniambia nifunge mdomo nisije nikameza nzi, lakini nilimwona naye anatabasamu.

Hatukwenda wawili. Tulikwenda na Adey.

Adey alikuwa ngamia jike mweupe, na jina lenyewe kwa Kisomali ni hilo hilo, mweupe. Alikuwa na ndama wa miezi michache, na kiwele kilichojaa hata mtu asiyejua ngamia angesimama kukitazama. Tabia yake sasa, jamani! Alikuwa anamtazama kila mtu kama anayengoja kuombwa msamaha. Bila ndama kumnyonya kwanza hateremshi maziwa, na hata akiyateremsha, atakukatia katikati kama hapendi ulivyosimama. Tulisafiri naye polepole, Aabo mbele, mimi nyuma na ndama, nikiimba njia nzima.

Dada yake Aabo aliitwa Shukri, na mimi nilimwita Eddo, kama tunavyomwita shangazi. Alikaa katika bulla moja, mtaa wa pembeni mwa mji, nyumba ya mabati yenye ua wa miiba, yeye na mwanawe Yussuf, kijana aliyenizidi miaka miwili mitatu. Zamani Eddo alikuwa na wanyama wake, wengi tu. Mumewe akafariki, kisha ukaja ukame ukawamaliza wanyama mmoja mmoja mbele ya macho yake, akabaki na kibuyu na mwanawe. Ndivyo alivyohamia mjini.

Sasa, mumjue Eddo. Alikuwa mrefu, na shingo yake ilikuwa haijui kuinama. Jirani akimletea bakuli la unga, bakuli lilirudi siku ile ile na kitu ndani, hata kama ni makaa ya moto tu ya kuwashia jiko. Ndugu walijaribu kumpelekea mbuzi. Aliwarudisha, na shukrani akazipanga vizuri hivi kwamba aliyerudishiwa hakupata pa kukasirikia. Nyumbani kwetu habari hizo zilisimuliwa kama kichekesho, na mimi nilicheka kama wengine.

Jioni tulipofika, Aabo aliketi mkekani akanywa chai. Chai kavu, nakumbuka, haikuwa na maziwa hata tone. Akazungumzia mvua, akazungumzia bei za sokoni, akazungumzia nani kaoa. Kisha akakohoa.

"Dada yangu," akasema, "nimekuja na shida."

Eddo akainua uso. "Shida gani?"

"Huyu mtoto amenishinda. Anataka shule, na shule iko huku kwako. Sina mwingine wa kumwachia. Nakuomba unibebee mzigo huu." Akaninyooshea kidole kana kwamba nilikuwa gunia. "Nimjuavyo mimi, chai kavu haimpiti kooni, atakusumbua bure. Ndiyo maana nimemleta Adey. Kaa naye majira haya ya maziwa. Maziwa yakiisha, nitakuja."

Labda niwaeleze hapo, maana si kila mahali watu hufanya hivi. Kwetu ngamia wa maziwa huazimwa. Hupewi mnyama, unapewa majira yake. Ngamia ni wa mwenyewe, ndama ni wa mwenyewe, ila maziwa ya kipindi hicho ni yako mpaka tone la mwisho, na hakuna atakayekuuliza umeyanywa au umeyauza. Yakikauka, mnyama hurudi kwao. Hakuna kuandikishana, hakuna shahidi, na sijawahi kusikia mtu mzima akigombana juu ya jambo hilo.

Eddo aliweka birika chini. Akanitazama mimi, akamtazama Adey nje ya mlango, akamtazama kaka yake.

"Basi kwa kuwa una shida," akasema, "niachie."

Aabo akashusha pumzi. Na mimi, msichana mwerevu wa darasa la sita, nikafanya hesabu yangu papo hapo. Adey amekuja kulipia chakula changu na pa kulala. Maziwa yakiisha, Aabo atakuja. Akija atamchukua ngamia wake, na atanichukua na mimi. Kwa hiyo shule yangu ni ndefu kama maziwa ya Adey. Hakuna aliyeniambia hivyo, lakini nani angehitaji kuambiwa? Ilikuwa wazi kama mchana.

Shule ilikuwa ile ile niliyoiota, na vioo madirishani, ingawa viwili vilikuwa vimevunjika. Kiingereza tulifundishwa na Mwalimu Mutuku, mtu wa Mwingi, mwembamba, chaki mpaka kwenye viwiko. Alikuwa anakipenda Kiingereza kupita kiasi. Mbuzi akichungulia darasani, Mwalimu Mutuku alimwambia kwa Kiingereza, tena kwa adabu, atoke. Cha ajabu, mbuzi walitoka.

Asubuhi moja akaandika ubaoni: "today's lesson". Akageuka, macho yanang'aa.

"Kwa Kiingereza," akasema, "wakati unaweza kuwa na mali. Leo ina somo lake. Jana ilikuwa na mvua yake. Semeni: a day's journey!"

"A day's journey!"

"Two weeks' holiday!"

"Two weeks' holiday!" Hiyo tuliipigia kelele kwa moyo wote.

"A month's pay!"

"A month's bay!"

"Pay!"

"Bay!"

Mwalimu alifumba macho. Sisi wa huku hiyo herufi inatupa taabu, midomo inaipokea vizuri halafu inaigeuza. Akasema haya, tuendelee, hii tutaimaliza siku ya Kiyama.

Lakini mimi nilikuwa sisikii tena vicheko. Nilikuwa nimeshikwa! Mpaka siku hiyo Kiingereza kwangu kilikuwa lugha ya watu wa tai na maofisi, kina habari za theluji na garimoshi, vitu ambavyo sijaviona. Na sasa hiki hapa kinasema mambo ya kwetu. Mwendo wa siku. Maziwa ya jana. Mvua ya mwaka juzi. Watu wangu hawazungumzi kingine! Nilihisi kama Kiingereza kimebisha hodi nyumbani kwetu, kimevua viatu mlangoni na kukaa mkekani. Mwalimu alipotaka sentensi, nilinyanyua mkono hadi nikanyanyuka na kiti.

"Today's milk is more than yesterday's milk!" nikasema.

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Akataka kujua ni maziwa yapi hayo, nikamweleza habari za Adey. "Vizuri sana," akasema. "Nipe nyingine."

Nikafikiri kidogo, kisha nikaitoa kwa sauti, na fahari tele: "I am in school for a season's milk."

Chaki ikasimama mkononi mwake. Aliniuliza nina maana gani, nikamwambia kwa Kiswahili, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida, kwamba niko shuleni kwa majira ya maziwa ya ngamia mmoja tu.

"Na yakiisha?"

"Nitarudi nyumbani, mwalimu."

Alisema sentensi ni sahihi. Sahihi kabisa. Halafu akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu, na darasa zima likageuka kunitazama.

Tangu siku hiyo Adey hakuwa tena ngamia wa Eddo Shukri, alikuwa ngamia wa darasa la saba. Asubuhi nikiingia tu langoni, kabla hata ya salamu, napokelewa kwa kelele: "Today's milk?" Na mimi najibu kwa Kiingereza, mbele ya kila mtu: "More than yesterday's!" Wee! Mngesikia shangwe! Mngedhani timu yetu imefunga bao. Nikisema ni sawa na ya jana, wanapumua. Nikisema yamepungua, watu hawaendi mapumziko kwa raha. Kulikuwa na msichana aitwaye Fardosa, kwao wana shamba kando ya mto. Alianza kuniletea maganda ya matikiti kwenye mfuko. Wavulana wakawa wanaokota njiani maganda ya mathenge, ule mti wa miiba, wanayajaza mashatini, wanafika shuleni wana mikwaruzo mikono yote. Jioni nilirudi nyumbani na mzigo kichwani kama mfanyabiashara.

Adey alikula vyote, huku akitutazama kana kwamba tumechelewa.

Yussuf ndiye aliyemkamua. Alisimama kwa mguu mmoja, chombo juu ya goti la mguu mwingine, na mikono yake ilikwenda harakaharaka kabla Adey hajabadilisha mawazo. Chuchu mbili aliachiwa ndama, mbili ni zetu. Mimi nilikaa pembeni nikisikiliza. Maziwa yakiwa mengi sauti ni nene, inavuma, na povu linapanda mpaka ukingoni. Nilikuwa najua habari ya siku kwa masikio tu kabla ya kuangalia ndani.

"Manze, wewe una shida gani na hii ngamia?" Yussuf aliniuliza siku moja. Shule alikuwa amekwisha kuiacha, na lugha yake ilikuwa ya vijana wa Nairobi, ingawa Nairobi hajafika. "Kila saa uko hapa unachungulia. Unataka kuioa?"

"Nataka maziwa yasiishe," nikamwambia.

"Maziwa ya ngamia huisha. Hiyo si mfereji."

Nikamrushia ganda la tikiti. Sababu sikumwambia, na Eddo pia sikumwambia. Mnajua mtoto anavyokuwa. Ukiuliza kama unatakiwa mahali, unaweza kujibiwa.

Na Eddo mwenyewe hakuwa na muda wa kuulizwa. Maziwa yalikuwa yanatosha sisi na yanabaki, na yaliyobaki alianza kwenda nayo sokoni, kibuyu kimoja chini ya shuka lake. Akapata wateja. Wateja wakamtaka alete zaidi, akaanza kupokea maziwa ya wafugaji wa mbali yanayokuja na malori asubuhi katika majerikeni ya manjano, anayaonja, anayatenga ya leo na ya jana, anauza. Shuka jipya likaingia nyumbani. Chai ikawa nyeupe. Jioni alirudi amechoka, sauti imemkauka kwa kunadi, akakaa mlangoni kunisuka nywele huku akinitaka nimsomee chochote, kile kile nilichosoma shuleni. Kiingereza hakukielewa hata neno, lakini nikisita tu, alinivuta nywele. "Hapo umeruka," alisema. Na kweli nilikuwa nimeruka.

Siku moja nikashtuka kumwona Mwalimu Mutuku amesimama mlangoni kwetu, shati limenyooshwa. Nilijua amekuja kuniombea. Eddo alimkaribisha kwa furaha zote, akamkalisha, akamjazia kikombe kikubwa. Na mgeni akawa ni wa Kiswahili, kwa hiyo Eddo naye akavaa Kiswahili chake cha sokoni.

"Kunywa, mwalimu. Hii ni ya leo asubuhi. Hii mtoto nasoma mzuri?"

"Anasoma vizuri mno, mama. Sasa nilikuwa nimekuja kuhusu haya maziwa..."

"Ee, maziwa iko!" Eddo akamwongeza.

Mwalimu akanywa. Heshima ni heshima. "Asante mama. Nilitaka kuuliza, maziwa yakija kuisha..."

"Haiwezi kuisha mwalimu, kunywa! Wewe nakonda sana. Kwenu hakuna ngamia? Bole." Akamjazia tena.

Mwalimu wa watu alijaribu mara nyingine, akanyweshwa mara nyingine. Mwishowe aliondoka akitembea polepole, mkono tumboni, na swali lake bado liko naye. Yussuf alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka pia, lakini nilipomaliza kucheka nikagundua ninalia.

Darasa la nane likaanza. Huo ndio mwaka wa mtihani, mtihani wenyewe mwishoni mwa mwaka, na kiangazi kilikuwa kimeshika. Majibu yangu ya asubuhi yakabadilika. "Less than yesterday's," nilisema, na watu wakaondoka langoni kimya kimya. Tukazidisha maganda. Fardosa alileta hata majani ya mahindi ya baba yake, mabichi kabisa, akaenda kuchapwa nyumbani na kesho yake akaleta mengine.

Kisha nikaona mkia.

Mtoto wa mfugaji anajua. Ngamia jike akishika mimba, ukimsogelea tu anainua mkia wake juu, kauchongoa, kauviringisha, anakutangazia wewe na dunia nzima. Na ngamia mwenye mimba hatakamuliwa muda mrefu tena. Asubuhi hiyo nilimsogelea Adey na matikiti yangu, mkia ukapanda juu kama bendera ya shule. Nikatazama huku na huku, sikuona mtu, nikaruka nikaushika ule mkia kwa mikono miwili nikaushusha chini. Ukapanda. Nikaushusha. Ukapanda tena! Nilikuwa nauning'inia, jamani, miguu karibu iache ardhi, namsihi kwa Kisomali na Kiswahili na Kiingereza aushushe, mpaka Adey akageuza kichwa chake kile kirefu, akanitazama, akanitemea majani yote aliyokuwa akicheua begani mwa sare yangu ya shule.

"Acha kumsumbua mama mjamzito," Yussuf akasema nyuma yangu. "Kila mtu ashajua. Hata soko nzima inajua."

Sikwenda shule siku hiyo. Nilijifungia nikafua sare, nikaifua tena, na harufu ya yale majani haitoki.

Maziwa yakazidi kupungua. Sauti ndani ya chombo ikawa nyembamba, kisha ikawa inadonoa tu, na asubuhi moja Yussuf akamkamua, akasimama, akanigeuzia chombo nione ndani, kikavu. Darasani walikuwa wameshaacha kuniuliza. Mwalimu Mutuku aliendelea kutufundisha kama kawaida, ila nilimwona ananiangalia kuliko wengine, na siku moja alinipa kitabu chake mwenyewe cha hadithi akasema nisirudishe.

Aabo alikuja na lori la siku ya mnada, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilimsikia anaegemeza fimbo yake ukutani, ule mlio ninaoujua, na badala ya kukimbia kumpokea nilikimbia ndani. Nikakunja nguo zangu, nikazifunga kwenye leso. Sare nikaiweka juu ya kitanda, kwa maana kijijini nitaifanyia nini? Kwenye mashavu machozi yalikuwa yanajiendea yenyewe. Nusu mwaka tu! Nusu mwaka tu mtihani ufike, na Adey ameshindwa kungoja!

Nje wakanywa chai. Chai nyeupe, nzito, yenye iliki. Aabo akazungumzia mvua, akazungumzia bei, akazungumzia nani kaoa. Nilitaka kupiga kelele. Kisha akakohoa.

"Naona maziwa yameisha," akasema.

"Yameisha," Eddo akajibu. "Ngamia wako yuko uani, amenona, na mimba juu. Ndama wake ndiye yule, hana kasoro. Mchukue uende naye salama, na Mungu akuzidishie."

"Amin. Na yule mzigo wangu mwingine?"

Ndipo nikatoka, na furushi langu mkononi. Nilijipangusa uso, nikasimama wima, maana nilikuwa nimeamua siondoki Garissa nikibebwa. "Niko tayari, Aabo," nikasema.

Eddo alilitazama furushi. Akanitazama mimi. Sijawahi kumwona mtu akisimama haraka vile akiwa na kikombe cha moto mkononi.

"Unakwenda wapi, wewe?"

"Maziwa yameisha, Eddo."

"Na wewe ni ndama?" Akanipokonya furushi, akalitupa ndani ya nyumba, nikasikia linagonga sufuria. Kisha akamgeukia kaka yake, na ile shingo yake ikawa ndefu kuliko siku zote. "Sikiliza vizuri. Ngamia uliniazima, ngamia nimerudisha. Huyu hukuniazima. Huyu ni wangu. Ana mtihani, na jioni ananisomea, na mimi ndiye ninayemlisha kwa jasho langu. Ukimtaka, njoo umwone kama wanavyokuja wageni, na ubishe hodi!"

Nilidhani Aabo atakasirika. Kwetu mtu haongei hivyo na kaka yake mkubwa. Lakini Aabo aliinamisha kichwa juu ya kikombe chake, mabega yakawa yanatikisika, na alipoinua uso alikuwa anacheka, machozi yamejaa machoni. "Basi nimeshindwa," akasema. "Nimeshindwa, dada yangu. Kaa naye."

Mimi sikusikia kilichofuata. Nilikuwa nimeshatoka mbio, peku, bila hata shuka, napita bulla nzima napiga kelele kwenda kwa kina Fardosa!

Mtihani niliufanya, na nilipita vizuri. Kiingereza nilikipita kuliko vyote. Sekondari nilisoma nikitokea nyumbani kwa Eddo, na hata siku ya harusi yangu nilitokea mlango ule ule wa mabati. Miaka yote hiyo niliamini kwamba Eddo alinihurumia. Kwamba Aabo alinilipia kwa ngamia, malipo yakaisha kabla ya wakati, na mwanamke mwema akanibeba bure.

Mpaka Idi moja nilipokwenda kumsalimia mama kule Bura. Tulikuwa tunapika, watoto wanatukanyagakanyaga, mama akataja bila kufikiri nyumba ya mjomba wangu, iliyokuwa karibu kabisa na shule ya pale Bura, shule nzuri, na vyumba viwili vitupu. "Mjomba wako alikutaka ukae kwake," akasema. "Alimsumbua sana baba yako. Baba yako akakataa katakata, akasema lazima uende kwa Shukri."

Mwiko ulinibaki mkononi. Nikamuuliza kwa nini. Mama akanishangaa. "Kwa sababu Shukri alikuwa anakunywa chai kavu," akasema. "Na asingepokea chochote kwa mtu yeyote. Ila mtu akimwendea na shida yake, hapo hawezi kukataa."

Fikirini! Mimi na darasa zima, na mifuko yetu ya matikiti! Nilining'inia mkiani mwa ngamia nikidhani Adey ameletwa kwa ajili yangu, kumbe mimi ndiye niliyeletwa kwa ajili ya Adey. Shida ya Aabo haikuwapo. Aliitengeneza, akaivisha gauni, akaileta kwa miguu kutoka Fafi, ili dada yake apate kumsaidia mtu. Na siku ile aliyofokewa mbele ya mwanawe, akacheka hadi machozi, alikuwa anamwona dada yake amesimama tena, ana maziwa yake, ana mtoto, ana cha kumnyima mtu.

Niliporudi Garissa nilikwenda moja kwa moja kwa Eddo. Sasa ni mzee, sokoni haendi tena, ila shingo bado. Nikamkalia miguuni nikamweleza yote, nikidhani nampelekea habari. Alinisikiliza huku akivuta tasbihi yake.

"Nilijua," akasema. "Jioni ile ile. Kaka yangu hajui kusema uongo, masikio yanamwinuka. Na msichana wa shida gani anayekuja kwa watu anaimba?"

"Sasa kwa nini hukumwambia kwamba umejua? Miaka yote hii, Eddo, mpaka Aabo amekufa?"

Alinitazama kana kwamba bado niko darasa la saba na nimeruka neno.

"Ningemwambia," akasema, "yeye angekuwa amenipa nini?"